Swahiba, nisaidie kuamua juu ya konisi

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Hujambo? Shemeji hajambo, na watoto? Sisi wazima. Goti la mama limetulia na anakusalimia sana, anauliza kila siku utakuja lini. Najua miezi imepita bila neno kutoka kwangu, nisamehe. Leo nimeshika kalamu kwa sababu kuna jambo linaninyima usingizi, na wewe umelipitia kabla yangu: makabati ya jikoni.

Unaukumbuka ule uwazi ulio kati ya makabati ya juu na dari? Juzi nilipanda kigoda nikapitisha kitambaa huko, kikanata. Mvuke wa mafuta na vumbi vimeshikana mpaka vikawa kama gundi, na ilinibidi nikwangue kwa kisu ndipo nikaiona mbao. Nikasema basi, nazungusha konisi ya mbao, ule ubao wa urembo wa juu ya makabati, hadi darini, niuzibe kabisa na jiko lipate sura.

Kisha nikapima. Upande wa dirishani, kutoka juu ya kabati hadi darini ni sentimita 18. Upande wa mlangoni ni 16. Nilidhani makabati ndiyo yamelala, nikaweka pimamaji, kipovu kikakaa katikati kabisa. Kumbe dari ndiyo iliyoshuka, na mbao nimeshazinunua.

Kaka yangu anasema nigandishe konisi darini, halafu ubao wa kujazia pale chini yake uimeze ile tofauti. Lakini ubao huo utakuwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, tena juu tu ya milango iliyonyooka! Jana nilikata maboksi vipande vya sentimita 9, upana wa konisi yenyewe, nikavibandika kwa utepe, kwanza darini, kisha juu ya makabati. Nikarudi nyuma hadi mlangoni kutazama. Vile vya darini vilifanya makabati yenyewe yaonekane yamepinda. Vya chini vilitulia machoni. Kwa hiyo moyo wangu umeelekea huko, konisi ifuate makabati na dari iachwe na mambo yake.

Ila sasa vumbi, swahiba! Uwazi utabaki, tena utafichika nyuma ya konisi nisione kinachojaa humo. Nimewaza kutandika karatasi juu ya makabati na kuzibadilisha zikichafuka. Labda inatosha. Sijaridhika bado.

Halafu kuna milango. Makabati yangu si kama yako, milango inafunika karibu fremu yote, juu inabaki milimita chache tu. Hakuna mahali pa kupiga msumari, na konisi ikishuka kidogo mlango utaikwaruza kila ukifunguliwa. Nafikiri dawa yake ni kugandisha papi, vile vipande vyembamba vya mbao, juu ya kabati, kuzunguka ukingo wote, na konisi ipigiliwe kwenye papi hizo. Hili sina wasiwasi nalo sana.

Wasiwasi wangu ni ile kona makabati yanapokutana. Nilijaribu kwa kipande cha ziada. Konisi haikatwi ikiwa imelala tu kama ubao wa kawaida, kwa sababu ikishapigwa hukaa kwa mshazari. Unaiegemeza kwenye kizuizi cha meza ya msumeno, kichwa chini, upande wa darini ukiwa chini, na hapo kushoto kunageuka kulia. Kipande cha kwanza nilikikata upande usio wake. Cha pili kilikuwa sahihi, lakini vilipokutana kukabaki upenyo unaoingiza kucha. Nikapima kona yenyewe, kumbe ni nyuzi 92. Nusu yake ni 46, na mimi nilikuwa nimekata 45 kwa mazoea. Upenyo kama huo ungeweza kuzibwa kwa puti, lakini sitaki jiko langu lisimame kwa puti. Nataka mbao ikutane na mbao.

Ndiyo maana nakuomba uje, hata kwa siku moja. Mbao ya mita 3 haishikiki na mtu mmoja. Ukiinua huku, kule inalala. Njoo na msumeno wako ule wenye kipimo cha nyuzi. Mama ameshasema atakutayarishia kitanda.

Na kabla hujaja nijibu haya: konisi yako uliifikisha darini au uliiacha chini? Kama uliiacha, vumbi likoje baada ya muda wote huu? Ulipaka rangi kabla ya kupigilia au baada? Makabati yangu yamebadilika rangi kwa miaka na mbao hizi ni nyeupe, nianze kujaribu rangi sasa au nikusubiri? Na shemeji, alipoona konisi ikiachwa chini ya dari, alisema nini?

Nangoja jibu lako. Sitapiga msumari hata mmoja kabla halijafika.

Ni mimi, swahiba wako.