Mlango wa nakshi usiuzwe vipande vipande

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie milango ya kale ya Bagamoyo, ambayo hung'olewa kila nyumba ya mawe inapoanguka au warithi wanapoamua kuivunja. Sina ugomvi na anayenunua mlango wa zamani akaupachika katika nyumba mpya. Mimi ni seremala, na nimeshaipachika mingi. Ninacholalamikia ni namna unavyong'olewa na kuuzwa.

Mlango wetu wa jadi hauna bawaba. Kila upande, yaani kila ubao unaofunguka, una ncha mbili, ya juu na ya chini, zinazozunguka ndani ya matundu ya vizingiti, kwa hiyo huwezi kuutoa ukiwa mzima bila kwanza kukilegeza kizingiti cha juu. Vibarua wa kubomoa hawana subira hiyo. Mwezi uliopita niliwakuta wakizikata ncha kwa msumeno ili pande zitoke upesi, kisha wakachomeka mtaimbo nyuma ya mwimo, yaani nguzo ya pembeni ya fremu, nao ukapasuka katikati ya nakshi ya mnyororo. Kufika jioni pande zilikwishauzwa kwa mtu wa kutengeneza meza, mfaa, yaani mti wa katikati pande zinapokutana, umekwenda kwa mwingine, na kizingiti cha juu, ambacho ndicho fundi alikihangaikia zaidi, kimetupwa kwenye kifusi pamoja na boriti ambazo hazikuwa na hata tundu la mchwa.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaitaja milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya 1940 miongoni mwa vitu vinavyolindwa, lakini mbomoaji aliyeulizwa habari hiyo sijapata kumwona. Napendekeza kwamba kabla ya kutoa kibali cha kubomoa, halmashauri imtume seremala anayeijua kazi. Mlango upigwe picha, iandikwe umetoka mtaa gani, vipande vyake vitiwe namba, na uwekwe ghalani walau miezi sita ili wanaokarabati nyumba za mji huu huu wapate nafasi ya kwanza. Boriti nazo zipokelewe, kwa kuwa upana wa vyumba vya zamani ulifuata urefu wake, na anayeezeka upya dari ya namna hiyo huhangaika sana kuzipata.

Kizingiti nilichokiokota siku ile kiko karakanani kwangu. Aliyenunua pande zake, kama bado hazijawa meza, tafadhali asizikate.

Seremala mstaafu,
Bagamoyo