Mheshimiwa Waziri wa Fedha, tulipeni kwanza hela zetu

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Naandika kama mwenye biashara ndogo, na naandika wazi ili na wenzangu wasome maana hili linatugusa wengi.

Kila tukizungumziwa sisi wadogo tunaahidiwa mikopo nafuu na semina. Sikatai, mkopo unasaidia. Lakini wengi wetu hatujakwama kwa kukosa mkopo, tumekwama kwa sababu tunawadai. Ofisi ya umma inakupa oda, unapeleka mzigo, wanapokea wanasaini, unapeleka inavoisi, halafu ndo danadana zinaanza, mara anayeidhinisha yuko likizo, mara mfumo unasumbua, mara fungu limeisha subiri robo ijayo, na huku mwenye nyumba anataka kodi yake, kijana uliyemwajiri anataka mshahara, na aliyekukopesha mzigo hakuamini tena.

Kinachouma zaidi ni VAT. Sehemu nyingi inahesabiwa kuanzia ulipotoa inavoisi, sio ulipolipwa, kwa hiyo serikali inakudai kodi ya hela ambayo yenyewe bado imeishikilia! Ukichelewa wewe unapigwa faini, ikichelewa yenyewe hakuna kitu. Hii sio haki hata kidogo.

Kampuni kubwa inaweza kusubiri miezi, ina akiba na benki inaijua. Mdogo mtaji wake ndo ule ule mzigo aliowapelekea. Ndo maana biashara inafungwa huku kwenye makaratasi ina faida, na watu wanabaki kusema jamaa hakujua biashara.

Na dawa zipo. India sheria yao ya mwaka 2006 inamtaka mnunuzi amlipe mzabuni mdogo ndani ya siku 45 zikizidi sana, akipitiliza anadaiwa riba mara tatu ya ile ya benki kuu. Umoja wa Ulaya tangu agizo la 2011 ofisi za umma kwa kawaida zina siku 30. Uingereza biashara ndogo inaruhusiwa kupeleka VAT baada ya mteja kulipa. Sisemi huko kote wanalipa kwa wakati, wapo wanaochelewesha sana tu, lakini anayedai ana pa kushikia.

Tunachoomba ni siku 30, na riba ijihesabu yenyewe bila sisi kuiomba. Hapo kwenye riba naomba Mheshimiwa upaangalie vizuri, maana hakuna mdogo atakayethubutu kuidai ofisi riba wakati anaitegemea hiyo hiyo kwa oda ijayo, sheria ikimwachia yeye aombe basi itabaki kwenye karatasi. VAT tulipe tukishalipwa. Na yale madeni ya zamani yahakikiwe, kila ofisi itangaze inadaiwa kiasi gani na tangu lini, halafu wenye madai madogo walipwe kwanza, wengi wao kiasi hicho kinatosha kabisa kufungua tena.