Keloidi ya Sikio Haiishi kwa Kukatwa Tu

Wengi wanaokuja kwetu na uvimbe kwenye ndewe ya sikio huwa na ombi moja: "Daktari, kata liishe." Kukata ni kazi ndogo. Tunachoma ganzi, na siku hiyohiyo unarudi nyumbani na bandeji. Kasheshe huja miezi kadhaa baadaye, pale uvimbe uliokuwa kama punje ya harage unapoota tena, safari hii mkubwa zaidi.

Kovu la kawaida, hata likivimba, hubaki palepale palipokuwa na jeraha. Keloidi huvuka mipaka hiyo ikaendelea kukua, huku inawasha na wakati mwingine inauma. Hupenda masikio, kifua, mabega, taya, na kisogo pale mashine ya kinyozi ilipoacha vipele. Sisi wenye ngozi nyeusi hutupata zaidi. Ukiikata bila kufanya kingine, umefungua jeraha jipya kwenye ngozi ileile.

Ndiyo maana hatushiki kisu kabla hatujakubaliana kuhusu yatakayofuata: sindano za triamsinoloni (dawa ya steroidi inayonywesha kovu) ndani ya kovu, kila baada ya wiki 4 hivi, kwa miezi kadhaa. Zinauma, tusidanganyane, kwa sababu dawa inasukumwa kwenye nyama ngumu. Pia zinaweza kuacha ngozi ya hapo imepauka au imebonyea. Sikio tunaliongezea hereni za kubana. Kifuani tunabandika karatasi ya silikoni, nayo ikae saa 12 au zaidi kwa siku. Keloidi ndogo tunaanza na sindano peke yake. Na kama unajua hutapata nafasi ya kurudi, bora usikatwe kwanza. Bei tunayokutajia ni ya matibabu yote, sindano zikiwemo.

Na leza je? Keloidi hatuitibu kwa leza peke yake, hata mteja akisisitiza. Inakofaa sana ni kwenye mashimo ya chunusi: leza ya kaboni dioksaidi hutoboa vitundu vidogo mno ili ngozi ijijenge upya, kwa awamu kadhaa. Kovu halifutiki, ila halionekani sana. Kwa ngozi nyeusi tunapunguza nguvu ya mashine na kujaribu sehemu ndogo kwanza, maana joto likizidi utabaki na madoa meusi kwa miezi. Kama unapaka mkorogo, tuambie mapema (hatutamwambia mtu), tutaahirisha.

Kovu la moto linalokaza kiwiko au shingo si la kwetu. Hilo linahitaji daktari bingwa wa upasuaji wa kurekebisha, anayeweza kulegeza ngozi kwa mkato wa herufi Z au kupandikiza nyingine, tutakuandikia rufaa. Mshono wa uzazi wenye miezi 3 usiuharakishie leza ikiwa hauvimbi wala hauwashi, kwani kovu huendelea kulainika kwa mwaka mzima na zaidi.

Siku ya kuja, njoo bila poda wala losheni kwenye kovu, na kama umewahi kuchomwa sindano kwingine, njoo na cheti.