Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Kazi za Shuleni, Ada na Lile Suala la Sabuni

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kuigiza hadithi za watoto wa shule, habari za siku. Naomba msome mpaka mwisho ndo mjibu, maana mwaka jana wapo waliojibu wakiwa wamesoma kichwa cha habari peke yake, alafu tukapoteza siku mbili tunabishana kitu kilichokuwa kimeandikwa ukurasa wa pili.

Shughuli za mwaka mnazijua, sitazirefusha. Tumeingia shule tatu za msingi, Mbagala, Tandika na Kigamboni, darasa la nne na la tano, wiki sita kila shule, watoto wakaandika hadithi zao, tukachagua, tukafanya mazoezi ya kuziigiza hapahapa Temeke, tukarudi kuonyesha mbele ya shule nzima. Hadithi zilizokusanywa zimepita mia nne, zilizopanda jukwaani 31. Ile ya chapati iliyokataa kuliwa imetamba, mpaka shule ambayo haikuiandika iliiomba. Onyesho la wazi la Desemba lilifanyika na watu walicheka. Vibali vyote, kuanzia kwa mkurugenzi mpaka kwa afisa elimu kata, nimevifuatilia mimi mwenyewe kwa nauli yangu, nasema tu ili ijulikane, wala sidai kurudishiwa.

Sasa tuje kwenye lile lililowatoa watu povu kuanzia Agosti mpaka leo.

Ni kweli kuna wafadhili walikuja na milioni 18. Ni kweli ndani yake kulikuwa na posho ya elfu thelathini kwa kila mwigizaji kwa siku. Ni kweli kamati ilikataa. Ambacho siyo kweli ni hii habari inayozungushwa kwamba mwenyekiti aliamka asubuhi akaamua peke yake kuwanyima watu riziki. Kikao kiliitishwa kwa ujumbe wiki moja kabla, kamati ina watu saba, tulikuja wanne, akidi ikatimia kwa mujibu wa katiba yetu, tukapiga kura watatu tukakataa ofa. Yule wa nne alikuwa ameshatoka, ila aliaga, na kuaga siyo kupinga. Sasa wale watatu ambao hawakutokea ndo hao wanaoongoza kusema hawakushirikishwa. Mlitaka tuwafuate nyumbani na bajaji?

Sababu ya kukataa nimeieleza mara nyingi kwa mdomo, naiandika sasa ili ibaki.

Kule Tandika kuna kijana wa darasa la nne aliandika hadithi ya sabuni. Sabuni inakaa chooni pale shuleni, harufu imeizidi, watoto wanaikanyaga, mwisho inachoka, inapanda daladala inaenda Kariakoo, inafungua genge la chipsi inakuwa tajiri, shuleni hairudi tena. Basi. Ndo hadithi yote, nusu ukurasa, mwandiko wa kulala. Siku tunaisoma kwenye mazoezi watu walianguka chini kwa kucheka, nyinyi wenyewe mlikuwepo (wale mnaokujaga mazoezini). Wafadhili wakaiona, wakaipenda sana kwa kuwa mradi wao ni wa kunawa mikono. Ila wakaleta masharti, choo kisitajwe kwa sababu kinaidhalilisha shule, sabuni irudi shuleni mwishoni, watoto wote waimbe wimbo wa kunawa ambao wao wameshauandika ofisini kwao, na kuanzia shule inayofuata watoto wapewe mada, wasiandike wanachotaka. Bango lao jukwaani hilo silihesabu, bango tungewawekea hata mawili.

Mwanachama mmoja, simtaji, akaniambia mbele za watu, "Mwenyekiti, mwisho wa hadithi ya mtoto wa darasa la nne ndo umetukosesha milioni kumi na nane?" Ndio. Huo huo. Kwa sababu chama hiki tulikianzisha juu ya jambo moja, kwamba mtoto akiandika sabuni imekwenda Kariakoo haikurudi basi jukwaani imekwenda Kariakoo haikurudi. Sisi tunaongeza ngoma, tunaongeza nyimbo, tunaongeza vituko, mtu mzima anavaa gunia anakuwa chapati, ila kilichotokea kwenye hadithi hatugusi. Yule mtoto anakaa chini pale uwanjani na wenzake, jina lake linatajwa, anaona watu wazima sita wanahangaika na jasho linawatoka kutimiza alichoandika yeye kwa penseli. Tangu elimu bila malipo ilipoanza 2016 madarasa yetu yamefurika, mtoto mmoja kati ya mia moja na kitu, lini mtu mzima amesoma sentensi yake akaichukulia serious? Tukimgeuzia mwisho, tumemwambia kosa lake lilikuwa kufikiri.

Walimu nao walilalamika, nakubali, mwalimu mkuu mmoja alinishika pembeni baada ya onyesho akaniuliza hadithi hii inatufundisha nini. Tumezoeshwa wote, hadithi ikiisha lazima fundisho. Nikamwambia mwalimu, kwani wewe umejifunza nini? Akacheka kidogo, akasema kweli vyoo vyetu vina hali mbaya. Sasa hapo wafadhili wangetaka fundisho gani zaidi ya hilo? Na huyo mtoto hakuna aliyempa mada.

Kuna wanaosema mwenyekiti ameleta mambo ya Wazungu. Ni kweli kuna waigizaji wa Chicago kule Marekani wanafanya kazi ya namna hii tangu 1997, wanaingia shule za serikali, wanafundisha watoto kuandika kwa wiki kadhaa, wanarudi kuigiza walichoandika, alafu hadithi hizohizo wanazicheza ukumbini kwa watu wazima wanaolipa kiingilio. Nani alisoma habari zao akazileta kwenye kikao chetu cha kwanza mnajua, sitaki kujisifu. Lakini msiseme ni mambo mageni. Wakongwe humu ndani mliosoma sanaa chuoni Bagamoyo na pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mnajua zaidi yangu, kijijini Malya kule Mwanza 1982 na 1983 akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walimu wa maigizo wa pale Mlimani, hawakwenda na igizo mkononi, walikaa na wanakijiji mpaka shida ikatoka kwa wanakijiji wenyewe, ndo igizo likatengenezwa hapo. TUSEME, ule mradi wa maigizo ya wanafunzi ulioanza 1996, ni hivyohivyo, wasichana wenyewe wa sekondari wanasema nini kinawakwamisha shuleni, wanakiweka jukwaani. Hii ya kuja na wimbo umeshaandikwa ofisini ndo ngeni. Wengi wetu tumekula hela za miradi ya namna hiyo, mimi mmojawapo, nimecheza mbu, nimecheza kondomu, nimecheza neti, sikatai wala sidharau, watu wameelimika. Ila ile ilikuwa kazi ya kupewa na kila mtu alijua ni ya kupewa, hatukumwambia mtoto yeyote kwamba hii ni hadithi yako.

Kwahiyo msimamo wangu haujabadilika na mkutano mkuu ukitaka kuubadilisha upige kura, ila mje.

Na hapo kwenye kuja ndo kwenyewe. Wanachama kwenye daftari ni 43. Mkutano wa nusu mwaka walikuja 9, nusu yao walikuja saa tano wakati tumeitana saa tatu, mmoja alikuja kuchukua spika yake akaondoka. Mazoezi ya Kigamboni tumefanya na watu watano mpaka katibu akalazimika kucheza mama, mbuzi na mwenyekiti wa mtaa kwenye onyesho moja. Watoto hawakugundua, lakini sisi tunajua. Siku ya onyesho lenyewe kwa mshangao wakatokea watu kumi na sita, wa kupiga picha. Mtu hajasoma hadithi hata moja ila picha yake ipo kila mahali amemshika mtoto bega.

Ada ni elfu tano kwa mwezi, elfu sitini kwa mwaka, haijapanda tangu tuanze. Waliolipa mwaka mzima ni 11. Wengine wamelipa robo, wengine ahadi. Tulitegemea 2,580,000, imeingia 1,015,000. Ukiongeza michango ya wadau 400,000 na faida ya Desemba baada ya kulipa ukumbi 170,000, jumla iliyoingia 1,585,000. Iliyotoka 1,702,000, yaani usafiri 520,000, spika na maiki za kukodi 360,000, mavazi 275,000, karatasi na penseli 210,000, na mengineyo 337,000. Najua mtakimbilia kwenye mengineyo, dada mhazini ana risiti zote anayetaka aende akaone. Hiyo tofauti ya 117,000 imetoka mfukoni mwa mtu na huyo mtu hana posho wala hajawahi kulalamika. Michango kwa watoto hatuchukui, elimu ni bila malipo na sitaki mzazi aje kunigongea mlango, kwahiyo ada ndo mshipa wetu, hakuna njia ya mkato.

Mwakani Mungu akipenda tunatarajia kuongeza shule, ikiwezekana hata nje ya Dar es Salaam, kuna mtu Kibaha ameonyesha nia. Mtaala mpya umeingiza somo la Sanaa na Michezo na walimu wengi wanatafuta wa kuwasaidia, tunaamini mlango upo, tutaufuatilia. Wazo la kuchapisha kijitabu cha hadithi za watoto bado lipo. Gari la chama pia bado lipo kwenye mipango. Kuhusu wafadhili wengine, tunazungumza na watu, siwezi kusema zaidi kwa sasa.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tatu asubuhi kweli, na uchaguzi upo. Nimesikia kuna wanaotaka nafasi hii, karibuni sana, fomu anazo katibu, ila katiba inasema mgombea na mpiga kura wote wawe wamelipa ada. Lipeni kwa namba ya mhazini, siyo yangu, maana kuna maneno yameshaanza. Na aliyeondoka na vazi la chapati Desemba alirudishe, tunalihitaji Januari na gunia la namna ile halipatikani tena.

Mwenyekiti
Temeke, Dar es Salaam