Hewa ya breki iingie kwenye kitovu cha diski, si usoni

Mhariri,

Popote wanapokutana vijana wenye Subaru Impreza jijini Nairobi, hukosi kuona bampa zilizotobolewa mahali pa taa za ukungu na mipira myeusi ya kupitishia hewa ikipenya ndani. Piga goti uchungulie nyuma ya gurudumu: mara nyingi mpira umeishia hewani, umefungwa kwa kamba ya plastiki kwenye springi, unaipulizia tairi. Mwenye gari atakwambia hiyo ni njia ya kupoza breki. Hilo ni pambo tu. Njia ya kweli inawezekana kutengenezwa hapa hapa kwa bati, ribiti na paipu ya fundi bomba, lakini hewa isipofika mahali panapotakiwa, afadhali bampa lingebaki zima.

Joto lenyewe si dogo. Gari la kilo 1,300 likipunguzwa mwendo kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 60, breki zinameza kama megajuli 1.1. Za mbele hubeba takriban asilimia 70 ya mzigo huo, kwa hiyo kila diski ya mbele inapata karibu kilojuli 385 ndani ya sekunde tatu au nne. Moto huo unatosha kuchemsha lita moja ya maji ya bomba. Pete ya diski yenye chuma cha kilo 5 inapanda nyuzi 150 kwa mkanyago mmoja, na kwenye mbio za lami mkanyago wa pili unafika kabla wa kwanza haujapoa. Mizunguko minne au mitano hivi, breki zinaanza kulegea.

Hapo kuna maradhi mawili ambayo watu huyachanganya. Pedali ikizama hadi sakafuni na ukiipampu inarudi kidogo, mafuta ya breki yamechemka na mvuke umeingia kwenye mabomba. Pedali ikibaki ngumu kama kawaida lakini gari halisimami, ni pedi, vile vipande vinavyoisugua diski, zilizopita joto linalozifaa. La kwanza tibu kwa mafuta kabla ya kugusa bampa. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji yanashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta yaliyokaa miaka miwili kwenye unyevu wa Mombasa yahesabie namba ya chini, si ile iliyoandikwa kwa maringo kwenye kopo. DOT 5, isiyo na ile .1, ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine. La pili tibu kwa pedi zinazostahimili joto la mbio. Ukishafanya yote mawili na breki bado zinachoka, sasa zungumza habari za hewa.

Diski ya mbele ya gari kama hilo si kipande kimoja cha chuma. Ni nyuso mbili zenye mapezi katikati, na upande wa ndani wa gari, kuzunguka habi, kile chuma cha katikati kinachoshika gurudumu, mapezi hayo yako wazi. Gurudumu likizunguka, diski inavuta hewa kutoka kitovuni na kuitupa nje ukingoni, sawa na feni ya mfua vyuma. Kazi yako ni kuilisha feni hiyo hewa baridi badala ya ile moto iliyotuama nyuma ya gurudumu. Basi. Ukielekeza mpira kwenye uso wa ndani wa diski, uso mmoja unapoa na wa nje unabaki moto. Chuma kinavutana, pedi zinalika mshazari, na baada ya muda utaona nyufa nyembamba kama nywele zikitoka kwenye ukingo. Ukielekeza kwenye kalipa, kile kibanio cha pedi, unayasaidia mafuta kidogo, lakini diski inaendelea kuwaka. (Wanaotoboa diski kwa drili wakidhani wanazipoza, wanazitafutia tu mahali pa kupasukia.)

Tuanze na mdomo wa njia, maana hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Hewa haiingii kwenye tundu kwa sababu tundu linatazama mbele. Inaingia kwa sababu mgandamizo pale ni mkubwa kuliko kule inakoelekea. Kuupima ni rahisi. Chukua mpira wa leveli wa mwashi, ule mwembamba unaoonyesha maji, ukunje kama herufi U ndani ya gari, utie maji yenye tone la wino. Ncha moja ipitishe mpaka pale unapotaka kutoboa, itazame mbele. Nyingine mpaka nyuma ya diski. Hakikisha haigusi kitu kinachozunguka. Dereva aendeshe kilomita 100 kwa saa kwenye barabara inayoruhusu, mwenzake asome tofauti ya vimo vya maji. Mombasa, mahali pazuri kabisa patakupa karibu milimita 46. Nairobi, kwa kuwa hewa ni nyepesi, usitarajie zaidi ya 39 hivi. Karibu na kibao cha namba utaikaribia hiyo. Sogea pembeni, bampa linapoanza kujipinda kufuata fenda, maji yatateremka hadi 10 au yatageuka upande wa pili kabisa, maana yake njia yako ingekuwa inafyonza hewa kutoka kwenye diski. Tundu la taa ya ukungu huwa kati ya hizo mbili. Ndiyo maana tunasema pima.

Mdomo wenyewe usiwe na ukingo mkali. Paipu ya PVC ya maji machafu yenye kipenyo cha nje cha milimita 75 inafaa, kwa sababu hapo mbele hakuna joto. Ipashe ncha kwa kipulizia moto mpaka ilegee, uikandamize juu ya kitako cha chupa kilicho duara, ipanuke kama mdomo wa tarumbeta, kisha uimwagie maji. Ukingo uliopinda kwa milimita 10 unatosha. Ziba kila mwanya kati ya paipu na bampa, la sivyo hewa itapita kando. Mbele weka waya wa kukaushia kahawa wenye matundu ya milimita 12, kuzuia mawe na ndege. Waya wa mbu usiuthubutu: wadudu wa safari moja ya usiku wanauziba.

Mpira. Wa milimita 76 una eneo la sentimita za mraba 45, wa 63 una 31. Tofauti ni karibu nusu, kwa hiyo tumia mkubwa kama unapita, lakini mpira wa 63 uliopita bila kubanwa ni bora kuliko wa 76 uliokunjamana. Uwe wa kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa silikoni, wenye waya wa chuma ndani. Wa mashine ya kufagilia zulia utayeyuka. Ule wa karatasi ya alumini unaouzwa kwa mashine za kukaushia nguo haukai: ukishatikisika kwa muda kwenye barabara ya matuta, unachanika kwenye kila mkunjo. Kila gurudumu litakula kama mita 1.2. Kona ziwe chache na pana.

Sasa upande wa diski, sehemu ya fundi mwenye subira. Nyuma ya diski kuna bati jembamba la kuzuia vumbi. Kwenye magari mengi kulitoa zima kunahitaji kung'oa habi, kwa hiyo lifanyie kazi lilipo, kwa mkasi wa bati. Pima nafasi kati ya nakoli, kile chuma kinachobeba beringi, na ukingo wa ndani wa pete ya diski. Ikiwa ni milimita 40, kipande cha bomba la bati la 76 kikibanwa kwenye jiliwa kinakuwa duara refu la takriban 95 kwa 40, na linaingia hapo. Chora umbo hilo kwenye bati la vumbi, kata, funga bomba kwa ribiti za chuma. Ribiti za alumini hulegea hapo. Kama utachomelea, chomelea nje ya gari. Ukilazimika kuchomea likiwa mahali pake, ondoa nyaya za betri na uchomoe waya wa sensa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasifunge, kwanza. Kisha kata bati lingine la kuziba sehemu iliyobaki ya kitovu, ili hewa uliyoileta isikimbie kabla ya kuingia kwenye mapezi. Liache milimita 6 kutoka kwenye diski. Ukiacha 3, kokoto ya kwanza itakwama na utapigiwa filimbi mpaka nyumbani. Ziba kitovu tu. Uso wa diski uache wazi utoe joto lake. Na usilitupe bati la vumbi ukabaki bila chochote, maana ndilo linaloikinga raba ya boljointi, kiungio cha sasipensheni, isiokwe na joto.

Kufunga mpira kunafanywa gari likiwa kwenye stendi, si chini. Gurudumu likining'inia, zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Weka jeki chini ya mkono wa chini wa sasipensheni, lipandishe gurudumu, urudie. Kote huko mpira usivutike na usiguse tairi. Njia ya hakika ya kujua ni chaki: paka ubavu wa ndani wa tairi chaki nyeupe, endesha kilomita chache zenye kona, kisha tazama mpira. Alama nyeupe ikionekana, hapo patatoboka. Ncha za waya wa ndani zikunje na kuzifunika kabla ya kukaza klempu. Ncha moja iliyoachwa wazi ikichana raba ya shafti, grisi inarushwa juu ya diski, na hapo umetoka kwenye breki zinazochoka ukaingia kwenye breki zisizokuwepo. Karibu na diski tumia klempu za chuma, si kamba za plastiki. Sensa ya ABS na waya wake zibaki mahali zilipowekwa na kiwanda. Fanya pande zote mbili kwa kipimo kimoja na jaribio moja. Upande mmoja ukipozwa na mwingine ukaachwa, gari litavuta upande mmoja ukikanyaga.

Kupima kama imefaa, usitegemee pedali peke yake. Kuna rangi za kupimia joto zinazopakwa kwenye ukingo wa diski: ya kijani hugeuka nyeupe kwenye nyuzi 430, ya machungwa kwenye 560, nyekundu kwenye 610. Paka mistari mitatu, kimbiza gari mizunguko ileile mara mbili, kwanza mipira ikiwa imezibwa kwa mkanda, kisha ikiwa wazi. Bunduki ya kupima joto kwa mwanga hudanganya kwenye chuma kinachong'aa, inasoma chini sana. Ukiona hata kijani hakijabadilika na pedi zako ni za mbio, umepoza kupita kiasi: pedi hizo baridi hazishiki, na diski itachakaa haraka. Ziba nusu ya mdomo kwa bati, ujaribu tena. Ukimaliza kukimbia, zunguka mara moja taratibu bila kugusa breki, na ukiegesha usivute hendibreki wala usikanyage pedali. Pedi moto ikibanwa kwenye diski iliyosimama inaacha alama, na kesho usukani utatetemeka.

Barabara za murram ni habari nyingine. Njia hizi zitazoa vumbi na changarawe na kuzipeleka moja kwa moja pale ulipoacha milimita 6. Gari la kupita humo lizibwe midomo, au lisifungwe kabisa.

Kuna wanaouliza kama mipira hii itawasaidia kuteremka mteremko mrefu wa Mai Mahiu, ukingoni mwa Bonde la Ufa, gari likiwa limejaa watu. Haitawasaidia. Mgandamizo wa hewa unafuata mraba wa mwendo: kwa kilomita 40 kwa saa, zile milimita 39 zinabaki 6, na breki inayosuguliwa dakika kumi mfululizo haipozwi na hizo. Huko ni gia ya pili tangu juu, na mafuta ya breki yasiyozidi miaka miwili.

Msimu wa mvua, ziba midomo yote miwili. Kifuniko cha plastiki kinachoenea mdomo kinakaa vizuri ukikizungushia mkanda wa umeme. Usipofanya hivyo, kila dimbwi linarushwa katikati ya diski, na mkanyago wa kwanza baada yake hautakuwa na kitu.

Mafundi wa breki,
Nairobi