Usiyavute majina yaufikie wimbo

South B, Nairobi
Jumanne jioni

Kioko ndugu yangu,

Salamu nyingi, na hongera kwa kuifikisha filamu hadi kwenye majina ya mwisho. Nimeifungua kazi uliyonitumia ukilalamika kwamba majina yanayopanda mwishoni yanatetemeka. Kompyuta yako haina kosa, wala fonti haina kosa. Ulishika ukingo wa klipu ya majina ukauvuta hadi ulingane na wimbo wa sekunde 75, na hapo ndipo herufi zilipoanza kutetemeka.

Tupige hesabu. Orodha yako ina mistari 100, kila mstari pikseli 54 (nukta za skrini) kwa kimo, kwa hiyo kimo chake ni pikseli 5,400. Inaanza ikiwa nje ya skrini kwa chini, inamalizia nje kwa juu, basi ongeza kimo cha skrini yenyewe, 1,080. Safari nzima ni pikseli 6,480. Video yako ina fremu 25, yaani picha 25, kila sekunde, kwa hiyo sekunde 75 ni fremu 1,875. Ukigawanya, majina yanapanda pikseli 3.456 kwa kila fremu, na skrini haina vipande vya pikseli. Programu italazimika kuirusha herufi pikseli tatu mara hii na nne mara ile, au kuitandaza rangi yake juu ya pikseli mbili. Vyovyote iwavyo, mistari myembamba iliyolala, kama ile ya E na T, itamemeteka na kufifia njia nzima.

Ujue kwamba kwenye "Roll", ile amri ya kupandisha majina ndani ya Premiere, programu ya kuhariri video, hakuna mahali pa kuandika kasi. Kasi inatokana na urefu wa klipu: ikirefuka majina yanatembea, ikifupika yanakimbia. Ndiyo maana ninakusihi uanze na kasi, urefu uje nyuma yake. Chagua namba kamili ya pikseli kwa fremu. Ukichagua 3, pikseli 6,480 zitachukua fremu 2,160, yaani dakika 1, sekunde 26 na fremu 10. Kila jina litakaa machoni sekunde 14.4, na watu watakuwa wameshashika mikoba. Ukichagua 6, jina linapita kwa sekunde 7.2, na kwa mistari 20 inayoonekana kwa pamoja, tena safu mbili, mtu hawahi kumtafuta dada yake. Nne ndiyo yako: fremu 1,620, sekunde 64.8, na kila jina linaonekana kwa sekunde 10.8.

Sasa zinabaki sekunde 10.2 za wimbo. Unaweza kuzijaza kwa kadi iliyotulia yenye nembo na mwaka, fremu 255. Hiyo ni halali, lakini naona kuna njia nzuri zaidi: acha muda kama ulivyo, ubadilishe kimo cha orodha. Fremu 1,875 mara 4 ni pikseli 7,500. Toa 1,080 za skrini, unabaki na 6,420. Orodha yako ni 5,400, kwa hiyo umepungukiwa 1,020. Una vitengo 13, maana yake mianya 12 katikati yake. Ongeza pikseli 85 kwenye kila mwanya, na hesabu inakaa sawasawa. Tena orodha itapumua. Sasa hivi watu wa sauti wamewabana watu wa mavazi.

Kwa hesabu kali namna hii, usitumie "Roll", kwa sababu inapima kimo cha maandishi kwa namna yake. Panga majina kwenye picha moja ya PNG, upana 1,920, kimo 6,420, kisha isogeze kwa alama mbili za mwendo (keyframe), moja ya kuanzia na moja ya kumalizia. Katikati ya picha ianze kwenye Y (kipimo cha juu-chini, kinachohesabiwa kutoka juu ya skrini) 4,290, iishie −3,210. Alama ya pili ikae fremu ya 1,875, si ya 1,874, kwa kuwa ukihesabu kuanzia sifuri, ukipungukiwa fremu moja mgawanyo unarudi kuwa na desimali. Refusha klipu kwa fremu moja tu. Wakati huo skrini ni nyeusi. Mwendo uwe wa kasi moja mwanzo hadi mwisho, bila kulainishwa popote.

Picha hiyo isipunguzwe ili itoshe skrini. Faili ikienda Resolve, programu ya kurekebisha rangi za video, mwambie anayeifanya achague "Center crop with no resizing", la sivyo atapata kijiti chembamba cha majina katikati ya skrini.

Kabla ya kulaumu hesabu, toa video kamili kwanza. Dirisha la kuhariria huruka fremu kompyuta inapochoka. Na hata video kamili itagugumiza kwenye laptopu ya hezi 60, yaani skrini inayochora picha upya mara 60 kwa sekunde, kwa kuwa 60 haigawanyiki kwa 25: fremu nyingine huonyeshwa mara mbili, nyingine mara tatu. Itazame kwenye runinga iliyowekwa hezi 50. Mkienda kuionyesha ukumbini, mwombe fundi wa projekta aweke hezi 50 pia, kwani kwenye ukuta mpana mtetemo huonekana mara dufu.

Jambo moja zaidi. Nimesoma orodha yote mara mbili na jina la mama aliyewapikia kule Machakos silioni. Muweke. Mistari itakuwa 101, kwa hiyo punguza pikseli 54 kwenye nyongeza ya mwanya mmoja, kutoka 85 hadi 31. Kimo kitabaki 6,420 na hutagusa kitu kingine chochote.

Wako,
Mwende