Usukani wa pikipiki upimwe kwa mikono ya anayeushika

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo mamotari, yaani waendesha pikipiki za abiria, wa mji wetu wa Goma wanalibeba viganjani kila siku bila kulisema, kwa kuwa wengi wamekwisha kuamini kwamba maumivu ya vifundo vya mikono, ganzi ya vidole na mgongo unaowaka jioni ni sehemu ya kazi yao, kama vumbi na mvua. Mimi ni mwalimu, si motari, lakini kwa miaka minne nilitoka Ndosho kwenda kufundisha Sake kwa pikipiki yangu, zaidi ya kilomita 20 kila asubuhi, na nikifika nilitikisa mikono kwa muda mrefu kabla vidole havijakubali kushika chaki.

Nilidhani kosa lote ni la barabara. Barabara ina sehemu yake, sikatai: ukiacha lami ukaingia vichochoro vya Majengo au Katoyi, unapita juu ya mawe ya volkano, na kila jiwe hupanda kwenye gurudumu, hupitia foki, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, huishia kiganjani. Lakini jiwe hilohilo humuumiza zaidi mtu aliyeegemea usukani kwa uzito wa kifua chake kuliko aliyeushika kwa wepesi. Mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye kidole gumba na vidole vinavyokifuata hupita katika njia nyembamba kwenye kifundo cha mkono, na kifundo kikikunjwa kwa muda mrefu huku kikitikiswa, mshipa huo hubanwa na vidole hufa ganzi.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja mzee wa Mabanga, ambaye nilimpelekea pikipiki kwa ajili ya mnyororo tu. Aliponiona nikijinyoosha viganja, aliniambia nipande pikipiki ikiwa imesimama, nilegeze mabega, nifumbe macho, kisha nipeleke mikono mbele kama ninayeendesha. Mikono yangu ilitua nyuma kabisa ya mahali vishikio vilipokuwa. Miaka yote hiyo nilikuwa nikijivuta mbele kuufuata usukani uliofungwa na mtu asiyenijua, kwani pikipiki nyingi hufika dukani zikiwa ndani ya sanduku, usukani ukiwa umefunguliwa, na anayeuunganisha hana namna ya kujua kama mnunuzi ni mrefu au mfupi.

Kazi yenyewe haikuhitaji kipuri chochote. Katika pikipiki ndogo kama zinazojaa mjini kwetu, bomba la usukani hushikwa juu ya foki na vibanio viwili, kila kimoja kikiwa na bolti mbili, na ukizilegeza bolti hizo bila kuzitoa, bomba huzunguka: likivutwa nyuma, vishikio humkaribia mwendeshaji na kushuka kidogo, likisukumwa mbele, hupanda na kwenda mbali naye. Yule mzee alilizungusha kidogo sana, pengine upana wa kidole, akanirudisha kitini, akarudia mara tatu, mpaka viwiko vyangu vikabaki vimekunjika kidogo na viganja havibebi tena uzito wa mwili. Kisha akamwomba kijana wake apande nyuma yangu, jambo ambalo naliona la hekima kubwa, kwa maana motari wa Goma hafanyi kazi akiwa peke yake kitini. Abiria wawili wakikaa nyuma, yeye husogezwa hadi karibu na tangi, na usukani uliomfaa akiwa peke yake humbana tumboni. Mwenye kubeba watu apimwe akiwa amebeba watu.

Baada ya hapo kuna hatua ambayo wengi huiacha. Vyuma vya breki na klachi, vile vinavyovutwa kwa vidole, huzunguka pamoja na bomba, na visiporekebishwa mwendeshaji huinua au hukunja kifundo kila anapofunga breki. Navyo vilegezwe, vielekezwe ili mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole uwe kama mstari mmoja ulionyooka, ndipo vikazwe. Bolti za usukani nazo zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, si moja hadi mwisho ndipo nyingine, kwa kufuata kitabu cha pikipiki kama kipo, kwa sababu usukani unaoteleza katikati ya shimo ni hatari kuliko maumivu yoyote ya mgongo.

Hatari nyingine niliishuhudia kwa mwenzangu wa kazini, mtu mrefu, ambaye aliongezewa vipande vya chuma chini ya vibanio ili usukani upande juu. Alistarehe siku mbili. Siku ya tatu alipokata kona kuingia nyumbani, injini ilipandisha mbio yenyewe na pikipiki ikamchukua hadi kwenye ukuta wa mawe, kwa kuwa waya wa mafuta, ule unaovutwa na kishikio cha kuongezea mwendo, haukuwa na urefu wa kutosha na ulivutika kila usukani ulipogeuzwa. Aliumia goti, naye anashukuru kwamba hakukuwa na mtoto njiani. Jaribio la kuepuka ajali hii halichukui hata dakika mbili: gia ikiwa huru na injini ikinguruma polepole, usukani ugeuzwe hadi mwisho wa kushoto, kisha hadi mwisho wa kulia. Sauti ya injini ikipanda hata kidogo, au mpira wa breki ukikazika, au ngumi ikigonga tangi, pikipiki hiyo isitoke gereji.

Najua kwamba mamotari wengi hawaendeshi pikipiki zao wenyewe, bali humpelekea mwenye pikipiki malipo yake, na wapo wenye pikipiki wanaokataza bolti yoyote kuguswa kwa kuogopa kuharibiwa. Naomba kwa heshima wenye pikipiki hao waruhusu marekebisho haya, hata pale ambapo vijana wawili wa vimo tofauti hupokezana pikipiki moja, kwani alama mbili za rangi kwenye bomba zinatosha kumwonyesha fundi mahali pa kila mmoja. Vyama vya mamotari navyo naviomba vikubaliane na mafundi wa mitaani kwamba jaribio la kugeuza usukani kushoto na kulia lifanyike mbele ya motari mwenyewe, injini ikiwaka, kabla fundi hajalipwa.

Wako mwaminifu,
Mwalimu, Ndosho, Goma